Stempu ya Sir

Dada Roselyne,

Natumai wewe na Mama mko salama, na ng'ombe amezaa. Hapa Dubai joto limezidi. Nimehama Al Barsha. Niko Al Quoz kwa Cissy, yule rafiki yangu Mganda.

Nimeacha kazi kwa sir. Unakumbuka alivyojivunia stempu zake kuukuu za Marekani, zile za barua za kupelekwa haraka? Moja ina picha ya tarishi anayekimbia. Alisema duniani zimebaki chache, hata kupangusa vumbi karibu nayo alinikataza. Ijumaa akaalika wageni, pamoja na mjuzi wa stempu aje kuisifu. Mjuzi akaigeuza, akaitazama kwa lenzi, akasema, "Gundi hii imepakwa juzi. Na stempu yenyewe ni ya kawaida, ziko tele."

Bwana mkubwa akaninyooshea kidole mbele ya wageni. "Loise ameibadilisha! Ameiba ile ya kweli!"

Mjuzi akatoa simu. "Picha uliyonitumia mwaka jana ni ya hii hii. Tazama pembe ilivyochanika."

Unadhani aliniomba msamaha? Alisema, "Khalas, yamekwisha, Loise, lete chai."

Nikamuuliza, "Sir, unajua jikoni ni wapi?" Nikaenda kufungasha nguo zangu.

Jumatatu naanza usafi kwenye kliniki moja Oud Metha. Lakini Mama usimwambie kwamba niliitwa mwizi. Atakesha akimwombea yule mtu, naye hastahili hata amina moja.

Mdogo wako,
Loise