Zamu ya Mawe

Nassa, 20 Januari 2025

Mwanangu Method,

Mwangaluka. Huku hatujambo, mgongo tu unanung'unika kama kawaida yake. Jirani yetu Winnie akikuletea dagaa, pokea na barua hii. Simu siitaki kwa jambo hili. Hapa mwaloni ukiongea na simu, watu kumi wanakujibu.

Mtumbwi wa marehemu baba yako umepasuka ubao. Chama cha mwalo kiligawa upya nafasi za kuegesha mitumbwi ufukweni. Mwenyekiti Shigela akawaweka ndugu zake kwenye mchanga, pasipo na upepo, mimi akanisukumia kwenye mawe. Nikamuuliza kwa nini. Akasema mtumbwi wa mjane hauna haraka. Mdomo ule nimeukasirikia hadi leo! Mtumbwi ukipasuka tena hatuna mwingine, na bila mtumbwi mdogo wako Joyness anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nitasema kwenye mkutano wa chama. Wewe niombee.

Mama yako,
Maximiliana

Bariadi, 29 Januari

Shikamoo mama,

Sisi wazima. Mjukuu wako dagaa kawamaliza, mimi na Elina tumebaki kunusa sufuria. Mgongo unaendeleaje?

Mama, mkutano wa nini? Usijitese. Hapa ofisini kuna mzee anayefahamiana na Shigela, neno lake moja linatosha. Ukiona mambo yamebadilika, usiulize, funga kamba tu.

Mwanao,
Method

Nassa, 8 Februari

Method,

Marahaba. Wasalimie Elina na mtoto. Mgongo unauma zaidi, na sababu ni wewe.

Shigela alikuja mwenyewe, meno yote nje, akanipa nafasi ya Mboje kwenye mchanga. Mboje akapelekwa kwenye mawe. Mboje huyo huyo aliyechimba kaburi la baba yako! Nikajua huu ni mkono wako. Tukausukuma mtumbwi, mimi na Winnie, tukaurudisha kwenye mawe. Watu walicheka. Mboje hakucheka.

Nilimlaumu Shigela kwa kupendelea ndugu zake. Sasa na mimi nipendelewe kwa kuwa nina mtoto ofisini? Mwambie mzee wako anyamaze.

Nina shauri langu. Wakati wa mbalamwezi dagaa hawaifuati taa, mitumbwi yote iko nchi kavu na wanaume wanapiga soga tu. Basi kila mbalamwezi kila mtumbwi usogee nafasi moja. Aliyelala mchangani ataonja mawe, na wa mawe ataonja mchanga. Nitalisema hilo hata nikibaki peke yangu.

Mama yako

Bariadi, 3 Machi

Shikamoo mama,

Barua yako niliisoma nikakasirika. Nikaisoma tena, nikaona aibu. Mzee nimemwambia asiingilie tena.

Mbona kimya? Winnie anasema mkutano wa Februari ulivunjika kwa kelele, halafu anabadilisha mazungumzo. Mtumbwi upo? Wewe mwenyewe upo? Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao,
Method

Nassa, 17 Machi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba, baba. Nipo, mtumbwi upo, mgongo nao upo. Sikuandika kwa sababu sikutaka kukuletea habari nusu.

Februari walinizomea. Nikangoja mbalamwezi nyingine. Safari hii Mboje alisimama kabla yangu, na wengine wa kule kwenye mawe wakasimama naye. Shigela akaona amezidiwa. Akasema, sawa, tuzunguke, lakini nani ataanzia mawe? Nikasema tupige kura. Kila mtu akatumbukiza boya la wavu wake kwenye beseni, Winnie akafumba macho na kuyaokota moja moja.

Boya la kwanza kwenda kwenye mawe lilikuwa langu.

Watu waliguna. Shigela mwenyewe akasema, kwa upole, mama, turudie. Nikamwambia hapana, kura ni kura, weka hapo hapo. Mwanangu, sijawahi kuipenda nafasi mbaya namna ile. Hii sikusukumiwa na mtu. Mboje amepata mchanga.

Sasa nakuomba jambo ambalo halihitaji mzee wa ofisini. Njoo mbalamwezi ijayo na matairi mabovu tufunge ubavuni mwa mtumbwi. Usilete ya mtumbwi mmoja. Boya la pili kwenda kwenye mawe lilikuwa la Shigela, na huyo hajawahi kulala huko.

Mayu wako,
Maximiliana