Chai ya Sukari Haikutosha

Muscat, Jumapili

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umepoa? Na tumbo, bado linanguruma mkiwa jumuiya? Mimi mwili mzima, ila roho haitulii tangu Deo anieleze ulivyoanguka shambani. Nikikupigia unasema mtandao mbaya, unakata. Barua huwezi kuikata. Deo, mdogo wangu, msomee yote hata akikukaripia.

Bibi ninayemtunza huku ana sukari kama wewe, na anameza vidonge viwili kama vyako: kile cha zamani cha kushusha sukari na hiki kipya ulichopewa hospitali Mpanda. Nimemuuliza nesi wake. Anasema kipya kinafanya kazi kwenye utumbo. Chukulia ugali na wali ni mpunga, utumbo ni mashine ya kukoboa. Kidonge kinapunguza mwendo wa mashine, sukari isiingie mwilini kwa mkupuo. Kisichokobolewa ndicho kinachokuletea gesi, kwa hiyo usione aibu.

Sasa kosa lako. Unameza vyote alfajiri, kisha unavuna mpaka saa saba bila kitu tumboni, eti mwenye shamba hatii tonge mdomoni kabla waliokuja kumsaidia hawajashiba. Kile cha zamani hakijui wageni, kinashusha tu. Kipya kinamezwa na tonge la kwanza.

Deo anasema jasho lilikutoka, ukawa huwatambui watu. Jirani yetu Mama Anna akakunywesha chai ya sukari vikombe viwili, na bado hukuzinduka upesi. Alifanya tunavyofanya sote. Lakini sukari ya dukani nayo lazima ikobolewe kwanza, na mashine umeifunga breki. Glukosi ya unga ni mchele tayari. Deo aipate duka la dawa Kibaoni, uifunge kwenye pindo la kanga, uilambe jasho likianza. Dawa usiache wala usipunguze mwenyewe. Rudi kwa daktari umweleze ulivyoanguka.

Nina hasira, Mama, na nina hofu. Heshima ya wageni naijua, wewe ndiye uliyenifundisha. Lakini kula kwanza. Wakinong'ona, sema Skola ndiye aliyekulazimisha.

Msalimie baba mdogo, na mama mkubwa wa Kasansa. Mama Anna mshukuru sana kwa kukushika kichwa.

Kila asubuhi saa moja namlisha bibi huyu kijiko kwa kijiko, asije akaanguka. Usiniache nikimlisha mama wa watu, wangu akafa njaa na chungu cha wali kiko mbele yake.

Mwanao,
Skola