Tezi Iliyolala

Jumapili, 5 Novemba
Nimelala tena mchana kutwa. Nilipoamka mama mkwe alikuwa ameshapika dengu na samaki, peke yake. Baadaye nikamsikia akimwambia jirani kwamba wake wa siku hizi wakipewa jina la ugonjwa hawaliachi.
Lupus, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, ninao mwaka wa sita. Naijua. Viungo huuma, uso hubabuka. Hii si yenyewe — ni baridi mifupani, ngozi kavu, sauti nzito kama ya mwanamume. Darasani nafundisha kuimba, na watoto wananitazama tu.

Jumanne, 7 Novemba
Daktari mpya, Dkt. Sanjida. Kaniambia nimeze mate, akanipapasa shingo. Anasema kinga yangu inayonishambulia viungo inaweza kuigeukia na tezi ya shingoni. Kwetu wenye lupus hutokea sana. Kisha akauliza kuhusu hedhi. Miezi miwili haijaja, nilidhani ni dawa. Akaandika vipimo viwili. Mume wangu, Masud, nimemtajia kimoja tu, cha tezi.

Alhamisi, 9 Novemba
Majibu yametoka, vyote viwili. Tezi imelala, haitoi homoni ya kutosha. Na nina mimba — wiki ya tisa!
Tembe ya tezi kila asubuhi kabla ya kula, na za lupus nisiache hata moja. Daktari anasema mtoto bado hana tezi inayofanya kazi, anategemea yangu. Wiki zote hizo alitegemea kitu kilicholala.
Masud alicheka, kisha akaniona uso. Akauliza mbona sikusema nachoka hivi. Nilisema. Tangu msimu wa maembe, mji wetu wote wa Rajshahi ukinukia, nilisema.

Jumatatu, 13 Novemba
Damu. Kidogo. Mama mkwe kaikuta nguo kwenye beseni kabla sijaifua. Nikangoja maneno.
Akaninyang'anya sabuni. "Kaa chini, mwanangu. Mimi zilinitoka mimba mbili kabla ya Masud. Waliniita mvivu."
Hata Masud hajui habari hizo za mama yake.
Nimempigia daktari. Kasema nije kesho mapema, damu ikizidi nije saa hiyo hiyo.

Jumanne, 14 Novemba
Hospitalini, benchini nje ya chumba cha picha za ultrasound. Damu haikuzidi. Masud alikuwa Dhaka kikazi, garimoshi lake la kurudi bado halijafika. Nimekuja na mama mkwe. Kamuuliza nesi mara tatu tezi iko wapi hasa, sasa anajipapasa shingo yake mwenyewe.
Mwanamke aliyetangulia ametoka analia. Sijui kilio cha nini.
Wanaita jina langu — Rehnuma Khatun. Mama mkwe kasimama kabla yangu. Kanishika mkono, anasema tunaingia wote wawili.