Gari Lenye Harufu ya Kisima

Mpendwa Mama Arlette,

Naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, na majina yote humu nimeyabadilisha, kwa hiyo ukisoma redioni sema tu ni mama mmoja wa kambi ya Dzaleka, mshonaji, mtu wa Bukavu, kwa sababu nimemdanganya mume wangu na sikuwahi kumdanganya tangu tulipotoka kwetu.

Mume wangu, nimwite Télesphore, alikuwa dereva kule Bukavu, na hapa kambini ni mwaka wa nane anaendesha kabaza, baiskeli ya mtu mwingine, anabeba abiria kwenye vumbi, magoti yamekwisha. Gari njo ndoto yake, abebe wagonjwa na wafanyabiashara mpaka Lilongwe, na mi nimeshona sare za shule na nguo za kwaya miaka yote hiyo ili ndoto hiyo itimie, sasa imefika mlangoni na mi njo nimeufunga mlango.

Mwezi huu wa Oktoba, jua likiwa kali kama unavyojua, alisikia kuna gari la kijivu linauzwa Kawale, kule Lilongwe mjini, tukaenda wote wawili. Mwenyewe ni Bwana Kamwendo, mtu mpole, hana maneno mengi. Gari ni la zamani sana lakini lilikuwa safi, Mama, safi kuliko gari la harusi, viti vimevishwa vitambaa vipya, na ndani kumepuliziwa manukato mpaka macho yakaniwasha. Nilipokaa kiti cha nyuma nikasikia harufu nyingine chini ya yale manukato, harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Nikamwambia mume wangu, akacheka kidogo tu.

"Mama Douce, we unanusa kila kitu."

Nikavuta mkanda nijifunge, nikauvuta mpaka mwisho, kwa sababu mi ni mshonaji, kitambaa chochote lazima nikione chote, na kule mwisho mkanda ulikuwa umebadilika rangi, na udongo laini mkavu ukanidondokea mapajani, udongo kama wa mtoni. Nikaupangusa, nikauachia mkanda urudi ndani.

Télesphore alitaka kulisikia gari kwenye barabara ndefu, basi tukashika njia ya kaskazini, yeye kwenye usukani, Bwana Kamwendo pembeni yake, mi peke yangu nyuma. Tukapita mji wa Mponela salama. Mbele kidogo kuna daraja dogo, na kando yake banamama wanauza nyanya na viazi vitamu, na pale pale gari likazimika, bila kelele, kama mtu aliyenyamaza katikati ya neno. Unajua gari likisimama barabarani wauzaji wanavyokimbilia na mabeseni yao. Siku hiyo hakuna aliyekimbia. Walisimama wote, mmoja mmoja, wakatuangalia, na mmoja akajifunika kanga usoni. Halafu akaja mzee mmoja taratibu, hakumwangalia dereva, hakuniangalia mimi, aliinama akaangalia nafasi iliyobaki kwenye kiti changu, kulia, kisha kushoto, akauliza kwa Kichewa, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ana ali kuti?" Maana yake, watoto wako wapi.

Sisi hatukwenda na watoto. Bwana Kamwendo alisema huyo mzee ana matatizo ya kichwa, Télesphore akawasha ufunguo tena, gari likawaka mara moja, tukageuza. Nilipotazama nyuma bado walikuwa wamesimama.

Hapo njo kile kinachoninyima amani. Vioo vya nyuma vilianza kushika mvuke kwa ndani, Oktoba, mchana, na kwenye ule mvuke zikatokea alama za vidole, vidole vidogo, vingi, chini kabisa ya kioo, usawa wa mtoto aliyekaa. Nikafuta kwa kiganja. Mvuke ukarudi, navyo vikarudi.

Nyumbani Télesphore alikuwa na furaha ambayo sikuiona tangu Bukavu. "Gari iko muzuri," aliniambia, "moteur inaimba," yaani injini. Mi sikuweza kumwambia habari ya vidole, maana yeye ni mwalimu wa katekisimu, angeniuliza kama nimeanza kuamini mambo ya wachawi. Simu tunayo moja, na huwa inakaa kwangu, basi siku ya tatu nikamwambia Bwana Kamwendo amepiga, ameshauza gari kwa mtu wa Chilinde. Alitoka akakaa na ile baiskeli. Tangu hapo anakula nusu sahani. Na juzi ndugu mmoja wa kanisani, Lwaboshi, amemwambia gari bado liko Kawale, kwa hiyo Jumamosi anarudi kulinunua, na mi hata nikiwa nashona nasikia lile swali la mzee. Mama Arlette, gari lile lina kitu, au mi njo mwenye kitu?

Mama wa cherehani, Dzaleka

*

Mama wa cherehani,

Pole. Kichwa chako ni kizima na macho yako ni mazuri kuliko ya dereva wako. Ila umeona kila kitu na kusema uongo, ukamwacha mwanaume akidhani ni bahati yake mbaya. Hilo nitalirudia.

Barua yako sikukaa nayo. Nilimpa Narcisse aisome, fundi wa magari hapa kambini, mtu asiyependa hadithi. Aliposoma habari ya mkanda alisema, "Gari hiyo ilizama." Wauzaji wa magari huosha viti na sakafu, huo mkanda ulioviringika ndani hakuna anayeukumbuka. Harufu ya kisima ni godoro la chini ya kapeti, halikukauka hadi leo, na jua likilichoma linatoa mvuke. Vidole navyo, mafuta ya mkono hubaki kwenye kioo, mvuke ukishika yanaonekana. Maji yameingia kwenye nyaya, kutu inazila polepole. Gari la namna hiyo litaimba leo, na wiki ijayo litazimika mbele ya lori, likiwa na mgonjwa ndani.

Nilimuuliza kwa nini lilizimika pale darajani na si kwingine. Alinirudishia karatasi akaendelea na kazi.

Nilimpigia pia Asani, mtu wetu anayenunua mahindi Mponela. Alikwenda mwenyewe mpaka kwenye hayo mabeseni ya nyanya. Mama, yule mzee hana ugonjwa wa kichwa. Mvua za mwaka jana kijito kilipanda juu ya daraja kikachukua gari la kijivu, na watu wa pale ndio walilivuta kwa kamba. Mzee huyo ndiye aliyefungua mlango. Walimkuta dereva peke yake, mama wa watoto wawili, lakini hao watoto aliowabeba hawakupatikana. Tangu siku hiyo gari hilo limepita pale mara nne, kila mara na mnunuzi mwingine, na kila mara linazimika, naye mzee anakwenda kuuliza watoto wako wapi. Asani alimuuliza vipi vidole visifutike, kama vioo vilioshwa. Mzee akasema vioo alivisugua yeye mwenyewe, kwa sabuni, siku ile ile.

Sikueleweshi zaidi ya hapo, kwa sababu sijui. Kwa kuchagua gari, yanayojulikana yanatosha. Hilo msilinunue, hata mkipewa bure.

Mkipata lingine, nendeni na Narcisse. Vuteni mikanda yote mpaka mwisho, inueni kapeti mguse kwa mkono, tazameni taa kama zina maji ndani, na mliwashe likiwa baridi asubuhi. Gari lililopuliziwa manukato mengi, shukeni mtembee.

Sasa wewe. Mume wako hakuhitaji kulindwa kwa uongo, alihitaji jicho la pili, na jicho hilo ulikuwa nalo. Akicheka, acheke. Mwalimu wa katekisimu anaweza kusikia habari ya udongo kwenye mkanda bila kupoteza imani. Leo ni Alhamisi. Zima redio, mwite aache baiskeli aingie ndani, na uanze na ile simu ambayo haikupigwa.

Mama Arlette