Mama, Kosa Halikuwa la Barabara

Mama,

Shikamoo. Nakuandikia kwa sababu nilisema jambo lisilo la kweli juu yako, nawe umeondoka kabla sijalisahihisha. Kazini kwetu gazeti likikosea, masahihisho hutoka siku inayofuata. Haya yangu yamechelewa, na aliyestahili kuyasoma hayupo.

Nianze na pikipiki. Unakumbuka niliinunua Usoke kwa mfanyabiashara wa tumbaku. Alikuwa ametoa shokapu za nyuma zilizokuja nayo, akafunga nyingine ngumu zenye springi nene, ili ibebe marobota ya tumbaku bila kukaa chini. Nilizipenda shokapu zile. Nilipofika nayo nyumbani Isevya nilikuonyesha jinsi isivyobonyea hata nikikirukia kiti. Ulikikandamiza kiti kwa kiganja, ukanitazama, ukasema, "Sasa hapa mtu anakaa, au anagongwa?" Nikacheka.

Ulikuwa umeniomba jambo moja tu: nikupeleke kwa Mama Mkubwa, kijijini kule mbele ya Sikonge. Dada yako wa pekee. Kwetu mdogo ndiye humfuata mkubwa, na ulikuwa umekaa miaka bila kumfuata.

Mpaka Sikonge hukusema neno. Tulipoacha lami tukaingia njia ya vumbi, katikati ya msitu wa miombo, ulinishika shati. Kisha ukanishika mkanda. Kisha ukanigonga begani. "Baba, nishushe." Ukatembea kwa miguu, mimi nikiendesha taratibu pembeni yako kama askari anayesindikiza mtuhumiwa. Akapita mzee na baiskeli yenye madumu ya asali, akanifokea, "We bwana, mpakie mama!" Ukamjibu wewe: "Alinipakia, nimeshuka. Huyu kazoea tumbaku." Mzee akacheka hadi baiskeli ikayumba. Mimi sikucheka. Tukageuza.

Nilikwambia kosa ni la barabara. Wiki ile niliandika hata habari yake, nikamhoji diwani, nikamhoji dereva wa lori, nikapima upana wa shimo kwa hatua zangu. Pikipiki sikuipima.

Safari ya pili haikuanza kabisa. Ulikuwa umevaa kitenge kipya, kikapu cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kimefungwa vizuri. Ukaweka mkono kwenye kiti, ukasimama hivyo kwa muda, halafu ukafungua kamba ya kikapu. Ulisema: "Mwambie dada kiuno kimenishinda. Nitakwenda siku nyingine." Nimeyaandika hapa kama ulivyoyasema. Siku ile sikuyafikisha hivyo.

Mama Mkubwa alipiga simu nikiwa njiani kwenda mkutanoni. Alikuwa ameshachinja kuku. Nilikuwa nimechelewa, nimekasirika, na nilikuona mkaidi. Nikamwambia, "Mama amekataa kuja."

"Amekataa?"

"Ndiyo, Mama Mkubwa. Amekataa."

Maneno yako kamili nilikuwa nayo. Nikayakata. Miaka yote hii nimewafundisha waandishi wapya kwamba kauli ya mtu haikatwi mahali inapobadilika maana.

Baadaye uliniuliza mara kwa mara, "Mbona dada hapokei simu?" Nikakujibu labda ni mtandao. Ukasema, "Huo mtandao unawapata wengine wote?" Na ningeweza kuazima gari, Mama. Nalisema hili ili lisibaki nje ya habari. Niliona ni anasa kwa mtu mwenye pikipiki yake.

Presha ilikuchukua mvua zikiwa mwishoni. Mama Mkubwa hakuja kukuzika. Niliwaambia watu njia imejaa maji. Kaka zako wa Usoke hawakukubali. Walisema pale pale msibani, wanawake wakisikia: "Mkubwa gani haji kumzika mdogo wake?" Wameendelea kusema hivyo hadi leo.

Kiangazi kilipoingia shokapu moja ikaanza kuvuja mafuta, nikaipeleka pikipiki kwa Fundi Masanja, yule wa hapa Isevya anayeimba kwaya. Akaizungusha kidogo, akarudi amekunja uso. "Mwandishi, kaa nyuma." Nilikuwa sijawahi kukaa nyuma ya pikipiki yangu. Akanizungusha mitaa miwili tu. Niliuma ulimi mara mbili.

"Hii imefungwa kwa ajili ya robota," akasema. "Robota halina kiuno. Wewe ukiendesha unakaa katikati, husikii sana. Wa nyuma yuko juu ya tairi, kila jiwe ni lake. Unapakiaga nani?"

"Mama."

"Mnene?"

"Alikuwa mwepesi sana."

Akaniangalia, akachukua spana. Kwa mtu mwepesi ni mbaya zaidi, akaeleza huku ameinama, kwa sababu springi nene haimsikii, inamrusha tu. Akafunga shokapu nyingine, springi nyembamba kidogo, zisizovuja mafuta, na pete ya chini akaizungusha hadi alama ya pili ili springi isikaze sana. Kazi yote ilichukua saa moja na nusu. Nimerudia kuufikiria muda huo mara nyingi. Saa moja na nusu.

Kesho yake nilikwenda kumchukua Mama Mkubwa. Sikumweleza kitu, nilisema tu nataka kumpeleka kwenye kaburi lako. Akaingia ndani kubadili nguo. Njia ilikuwa ile ile, mashimo yale yale, mengine yameongezeka. Tulipokaribia lami akasema mgongoni kwangu, "Baba, pikipiki hii mbona nimekaa kama nipo kitandani? Mdogo wangu alikataa kuja kwangu na hii?"

Nikasimamisha. Nikamweleza yote: springi, robota, siku uliposhuka ukatembea, kikapu cha michembe, na maneno yako kamili.

Alishuka, akajifunga kanga upya ingawa haikuwa imelegea.

"Kwa hiyo alisema kiuno."

"Ndiyo."

"Akasema siku nyingine."

"Ndiyo, Mama Mkubwa."

"Wewe ukasema amekataa."

"Ndiyo."

Akatazama msitu. "Simu zake nilikuwa naziona. Naziacha ziite mpaka achoke. Nikasema, na yeye aonje." Halafu akasema, "Na ule msiba, usinisingizie maji. Maji yalikuwa ya magotini. Mimi nayavuka hayo kila mwaka."

Nimewahoji watu waliofiwa mara nyingi, najua kunyamaza. Siku ile sikunyamaza kwa ujuzi.

"Washa," akasema. "Twende kwake."

Kaburini alikaa chini, akazungumza nawe kwa Kinyamwezi, muda mrefu, mara nyingine akikugombeza. Nilisimama mbali kidogo. Niliyoyasikia siyaandiki, yalikuwa yako.

Sasa yupo chumbani kwako. Amehamisha kitanda upande wa dirisha na ameniambia ugali wangu ni uji uliochoka. Siku ya tatu nilimwomba msamaha rasmi, nimesimama. Akanisikiliza hadi mwisho. "Bado sijakusamehe," akasema. "Maji ya kuoga yako wapi?" Nikamchotea.

Sijui kama wewe ungenisamehe upesi zaidi. Nadhani ungefanya mzaha kwanza, na mzaha huo ningeubeba muda mrefu.

Lililobaki ni kaka zako. Jina la dada yako linachafuliwa Usoke kwa neno nililolisema mimi. Nakuahidi hivi: Jumamosi nitawakusanya wajomba, niwape maneno yako yote, kisha niwaambie ni nani aliyeyakata. La simu na la maji ni la Mama Mkubwa mwenyewe. Akitaka kulisema atalisema. Anasema lazima tuende pamoja. Amesema atakaa mahali anaponiona mdomo.

Pumzika, Mama. Tunaondoka Jumamosi asubuhi kwenda Usoke, kabla jua halijawa kali, nami nitaendesha polepole.

Mwanao