Zana Tulizounda Wawili

Kaka yangu uliye mtaani Nyamityobora, Mbarara,

Ulinifundisha nikikasirika niandike, nisinune. Basi ninaandika.

Unakumbuka kule kambini Misiera, kompyuta moja, saa moja kwa kila mtu? Tuliunganisha saa yako na yangu. Mimi nilisoma msimbo kutoka daftarini, wewe ukaandika, na nikiruka alama ulicheka: "Mwalimu, mabano yako yamekimbilia wapi?" Tulikuwa tunatengeneza zana za watu wanaounda mawakala wa akili bandia: ya kutafuta habari, ya kutunza kumbukumbu, ya kukagua majibu. Wewe ulitaka zifanye kazi na mfumo mmoja tu, ule uliouzoea. Mimi nikasema zikubali mfumo wowote, ili mtu akihama asiache vyombo vyake nyuma, kama sisi tulivyoacha vyetu Burundi. Ukasema, "Eh, mdogo yangu, uko na kichwa." Tulifuta karibu kila kitu, tukaanza upya.

Leo zana zetu zina watumiaji, wewe una kazi Mbarara, na kwenye ukurasa wa zana hizo mtandaoni kuna jina moja, lako: Ndayizeye. Nilipokuuliza kwa simu ulijibu, "Si tuko familia moja? Jina yangu inatosha."

Inamtosha nani? Sisi Warundi hatuna jina la ukoo. Mama alimpa kila mtoto jina lake. Umelisahau hilo upesi hivyo?

Jumatatu nilikwenda Mbarara kuomba nafasi ya mafunzo. Nilimwonyesha mama wa usaili kazi yetu. Akasoma, akanitazama.

"Hii ni ya Ndayizeye. Wewe ni Nishimwe."

"Ni kaka yangu. Tulitengeneza pamoja."

"Kaka gani, nyabo?" akaniita bibi kwa lugha ya kwao. "Majina hata haifanani."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Daftari ulikwenda nalo, kwa hiyo sikuwa na la kumwonyesha. Nilisimama pale kama mwizi wa wazo langu mwenyewe.

Amenipa hadi Ijumaa nilete uthibitisho. Sitaki mshahara wako, wala maneno matamu ya simu. Nataka uandike kwenye ukurasa ule kwamba tulikuwa wawili.

Ijumaa nitaufungua ukurasa ule mbele ya yule mama. Nina uchungu na wewe, kaka, lakini bado ninakuamini kiasi cha kutouchungulia kabla.

Mdogo wako wa tumbo moja