Mtaro Uliotuachia, Mama

Mama,

Barua hii sijaianza na shikamoo, na usikasirike. Najua ungekuwepo ungeshaniuliza kama ulinizaa porini. Shikamoo yako nimeiweka mwishoni, kwa sababu ambayo wewe na mimi tunaijua.

Kwanza habari. Mvua imepiga Pasiansi siku tatu mfululizo. Maji yameshuka mlimani na hasira zao zile zile, yamebeba matope, makopo na ndala za watu. Yalipofika kwenye mtaro wako yakaingia, yakafuata njia, yakaenda zake ziwani. Upande wetu hakuna nyumba hata moja iliyochota maji sebuleni kwa ndoo. Mama Dotto, jirani uliyekuwa ukichimba naye, alisimama nje na kanga kichwani akapiga vigelegele peke yake kwenye mvua. Mimi niliona fahari mpaka nikalia.

Acha nianzie pale ulipotuacha.

Tulikulaza kwenu Ukara, karibu na bibi, kama ulivyotaka. Tuliporudi Mwanza, matanga hata hayajapoa, mtendaji wa mtaa akaniita. Alinipa pole vizuri, sina la kumlaumu. Kisha akanieleza kwamba kaya yetu bado iko kwenye mpango wa ruzuku ya kaya maskini, ila sharti ni lile lile: kaya yenye mtu mwenye nguvu itoe mtu wa kufanya kazi za mtaa siku zilizopangwa. Isipomtoa, nafasi yake inakwenda kwa kaya nyingine. Nikamfikiria Tekla, mdogo wangu, darasa la saba, nimemwacha nyumbani akijalidia madaftari kwa gazeti kuukuu. Nafasi hiyo ndiyo iliyokuwa inaweka unga ndani na yeye shuleni. Nikasema nitakuja Jumatatu.

Na ukweli, mama, kazi ile ya mtaa tangu mwanzo ilikuwa yangu. Siku walipokuja kuandika watu, waliuliza nani mwenye nguvu humu ndani, nami nikatazama sakafu. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza kujifunza cherehani Kirumba, na fundi alishaniambia nikikosa siku mbili atachukua mwanafunzi mwingine. Ukajibu kabla sijafungua mdomo: "Niandikeni mimi." Wakakwambia kwa umri wako na magoti yale hakuna anayekulazimisha. Ukawajibu, "Magoti ndiyo yamezeeka. Mikono bado." Ukaenda kuchimba wewe ili mimi nishone.

Na mimi nikafanya nini? Mchana ule natoka Kirumba na Pendo, tunayeshona naye. Pendo nilikuwa nimemwambia mama yangu anauza dagaa kwa jumla. Tukafika mtaroni. Ulikuwa umepiga magoti kwenye tope, kanga kiunoni, unageuza jiwe. Ukainua kichwa, tukatazamana, nikapita. Mimi uliyenifundisha kumwamkia hata mlevi wa njiani, nilimpita mama yangu mzazi bila shikamoo. Jioni ukanipakulia ugali wa muhogo na dagaa, ukaniuliza kama cherehani imeanza kunizoea. Bora ungenichapa.

Basi Jumatatu nikachukua jembe lako, lile la mpini uliozungushia kitambaa, nikaenda. Mabula, yule kijana msimamizi, alikuwa anaita mahudhurio kwa majina ya wakuu wa kaya, na daftari lilikuwa bado halijabadilishwa. Akasoma bila kufikiri: "Kaya ya Veronika!" Mabula mwenyewe akashtuka, akaanza kutafuta kalamu akufute. Nikasema kwa sauti, "Ipo." Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mama Dotto akanishika bega, akanisogeza mahali ulipozoea kusimama.

Kilikuwa kimebaki kipande cha juu, pale penye mteremko mkali. Mabula alitaka tuchimbe udongo mtupu tumalize, siku za mradi zilikuwa zinakwisha na karatasi yake ilisema kuchimba, haikusema kupanga mawe. Yale yale aliyobishana na wewe mwanzoni, mpaka mvua ya kwanza ilipofukia mtaro wake wa udongo na kukiacha kipande chako. Ulimwambia kwenu Ukara watu wameshikilia mlima kwa mawe tangu babu wa babu, bila simenti, na mlima haujakimbia. Nami nikamwambia hivyo hivyo. Akacheka, akasema, "Haya, mtoto wa Veronika, panga tuone."

Nikapanga, mama. Ungeniona ungecheka ukakaa chini. Nilichagua mawe mazuri, nikayasimamisha uso nje, yamenyooka kama ukuta wa benki. Baada ya chakula cha mchana nikakuta yote yamelala katikati ya mtaro. Mama Dotto akashika kiuno: "Mwanangu, umeyapanga yapigwe picha?" Ndipo nikakumbuka neno lako, kwamba kila jiwe lina tumbo, na lisipolalia tumbo halitulii. Ulikuwa unaligeuza jiwe moja hata mara tano, wenzako wanakuona mzembe. Nikaanza upya. Tumbo chini, mgongo uegemee mlima, vijiwe vidogo vishindiliwe nyuma, na nafasi ziachwe maji yapumue. Kucha zangu za ushonaji zote zilikwisha. Fundi aliponiona vidole alitaka kujua nimekwenda kupigana na nani. Nilikuwa nimemweleza kila kitu, akakubali nishone jioni na siku zisizo na kazi ya mtaa. Kumbe alikuwa mtu wa kuelezwa tu. Ile siku ya kwanza ningefungua mdomo, huenda magoti yako yangepumzika. Hilo linaniuma na nadhani litaendelea kuniuma.

Tukiwa tunamalizia, Pendo akapita. Nilikuwa mtaroni, tope mpaka mapajani. Alikuwa hajaniona, angeweza kupita zake. Nikamwita mwenyewe, "Pendo! Unapita hivyo bila salamu?" Akasimama, macho yamemtoka. "Sabina? Unafanya nini humo?" Nikamwambia, "Hii ni kazi ya mama yangu. Toka pale chini mpaka hapa, mawe yote unayoyaona ni mkono wake. Hakuwahi kuuza dagaa, nilikudanganya." Pendo akaangalia mtaro mzima, akavua viatu, akanipokeza mawe mawili matatu mpaka gauni likachafuka.

Kisha ndiyo ikaja mvua niliyokuambia. Ilipokatika, mtaalamu wa kata akaja kukagua. Mitaa ya jirani mitaro imejaa udongo, wetu unapitisha maji meupe. Akauliza ni nani aliyetufundisha kupanga vile. Mabula, yule yule wa karatasi, akasema, "Veronika wa kaya ya hapo chini." Hakusema marehemu. Sasa wanataka mtaa wa pili nao upangwe mawe, na wameniomba nikawaonyeshe mimi. Kaya yetu imebaki kwenye mpango. Tekla amejalidia madaftari mapya, na anatembea mtaani anawaambia wenzake wasitupe takataka kwenye mtaro wa mama yake.

Nakuahidi Tekla atamaliza shule. Nakuahidi pia kwamba mtu akiniuliza mama yangu alifanya kazi gani, nitamshika mkono nimpeleke akaone.

Halafu kuna lile jambo letu. Kila asubuhi nikienda kazini napita mahali pale pale ulipopiga magoti siku ile. Nasimama, nainama kidogo, naamkia kwa sauti. Mzee anayekaa baraza ya pili anadhani namwamkia yeye, na kila siku ananiitikia marahaba kwa furaha kubwa. Nimemwachia. Lakini wewe ujue ni ya nani.

Lala salama, mama.

Shikamoo.

Mwanao,
Sabina